Kupata Kazi na Kubaki Nayo: Wenye Ulemavu Wanaoishi kwa Msaada Komanda



Hapa Komanda, katika Irumu, mkoa wa Ituri nchini Kongo, hakuna posho ya serikali inayomfikia mlemavu kila mwezi. Kwetu, anayeishi kwa msaada ni yule mwenye jetoni ya mgao wa chakula, au anayelishwa na kanisa na jamaa waliompokea. Juu yake nina neno moja: tusimfute kwenye orodha ya msaada siku ileile anapopewa kitendea kazi.

Mara nyingi mambo huenda hivi. Mama aliyepooza miguu anafundishwa kushona, anapewa cherehani, anapigwa picha, kisha jina lake linahamishiwa kwa waliojitegemea. Mwezi wa kwanza wateja ni wachache na watoto wanataka kula. Anauza vitambaa vya mtaji, kisha anauza cherehani. Nasi tunaandika kwenye ripoti kwamba hakuwa na bidii. Bidii alikuwa nayo. Njaa ndiyo iliyomtoa kazini.

Tena cherehani gani? Ya kukanyaga haimfai. Iko ya mkono: mkono wa kulia unazungusha gurudumu, wa kushoto unaongoza kitambaa, na inakaa juu ya meza fupi au hata mkekani. Sisi wa Irumu tunaijua na faida yake nyingine: risasi zikisikika, inafungwa nyuma ya baiskeli ya magurudumu matatu na mwenyewe anaondoka nayo. Ile yenye meza ya chuma inabaki, na akirudi haikuti.

Sisemi hili kuwatisha. Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na Julai 2025 zaidi ya watu 40 waliuawa hapa Komanda, wengi wao wakiwa kwenye ibada ya usiku kanisani. Mradi wa kazi usiofikiria namna ya kukimbia na kurudi hauwezi kudumu hapa.

Hata hivyo mji wetu una riziki. Barabara za Bunia, Beni na Mambasa zinakutana hapa, malori yanasimama, abiria wanashuka. Kuchaji simu, kuuza uniti, kushona viatu, kubadilisha pesa: zote ni kazi za kukaa, mteja anakuja mwenyewe. Shida ni kufika pale njia panda wakati wa mvua, tope likishika magurudumu. Anayesukuma ni nani? Mara nyingi ni mtoto wake, aliyetolewa shuleni. Si lazima iwe hivyo. Kinshasa, kwa miaka mingi, wafanyabiashara walemavu walivuka mto kwenda Brazzaville na baiskeli zao zilizojaa bidhaa, wakipata nafuu ya nauli, na waliowasukuma walipata riziki humohumo. Malipo ya msukumaji yahesabiwe kama gharama ya biashara, sawa na uzi na sindano, ili mtoto arudi darasani.

Sheria tunayo. Ibara ya 49 ya Katiba inawapa wenye ulemavu haki ya ulinzi maalumu. Mwaka 2015 Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 27 inahusu kazi, na tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria yetu wenyewe ya kulinda haki zao. Tanzania wamekwenda hadi kwenye hesabu: sheria yao ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Komanda waajiri wa namna hiyo ni wa kuhesabu, kwa hiyo kwetu mzigo unaangukia miradi midogo na wanaoiongoza.

Kwenu mashirika mliomo ukumbini, naomba mgao uendelee angalau miezi sita baada ya mtu kuanza kazi, na upunguzwe kidogo kidogo, si kukatwa. Na kamati inayoamua nani atoke kwenye orodha iwe na walemavu ndani yake, wenye kura.