Mkono wa Mara ya Pili

 

Sisi tunaifanya kazi ya Bwana katika mtaa wa Ziwani, hapa Nairobi. Wageni hutuuliza, "Ziwa lenyewe liko wapi?" Ziwa hatuna. Tuna nyumba za zamani za baraza la jiji, nguo zilizoanikwa kwenye kamba, na watoto tele. Leo twataka kuwaeleza habari za mmoja wa watoto hao.

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa kanisa letu alijifungua mtoto wa kike. Macho ya mtoto yakaingia rangi ya manjano. Majirani wakamwambia, "Mtoe juani asubuhi, itaisha." Na ni kweli kwamba watoto wachanga wengi hupata rangi hiyo, nayo kwa kawaida huondoka kabla ya wiki 2 kwisha. Lakini ya mtoto huyu haikuondoka. Choo chake kilikuwa cheupe kama chokaa, na mkojo wake uliitia nepi rangi ya chai ya mkandaa. Alipotimiza wiki 6 akapelekwa kliniki kudungwa sindano. Muuguzi aliitazama ile nepi, akanyamaza kidogo, kisha akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa siku ile ile.

Huko madaktari walisema mirija ya nyongo imeziba. Ndugu zangu, ini ndilo linalotengeneza nyongo, na nyongo hupita katika mirija midogo mpaka matumbo, ikayeyushe mafuta ya chakula. Ndiyo inayokipa choo rangi yake. Mirija ikiziba, nyongo hubaki ndani ya ini na kuliharibu. Ugonjwa huu hupata mtoto 1 hivi kati ya 10,000 hadi 20,000. Chanzo chake bado hakijajulikana sawasawa. Hautokani na laana, wala na kitu alichokula mama, wala na dhambi ya mtu yeyote. Mtoto asipopasuliwa, mara nyingi hafikishi miaka 2.

Njia ya kuwasaidia watoto hawa iligunduliwa na daktari mpasuaji wa Japani, Morio Kasai, wa Chuo Kikuu cha Tohoku mjini Sendai. Mwaka wa 1955 alimpasua mtoto, akaondoa mirija iliyokufa, na kuliunganisha tumbo dogo na mlango wa ini ili nyongo ipate pa kutokea. Mpaka leo operesheni hiyo inaitwa kwa jina lake. Hufaa zaidi ikifanywa kabla mtoto hajatimiza siku 60.

Basi, tuliitisha harambee. Kina mama wa Umoja walichanga, vijana walichanga, hata mzee mmoja muuza viatu alileta sarafu zake katika mfuko wa karatasi. Mtoto akapasuliwa. Baada ya siku chache choo kikaanza kuwa na rangi. Tukafanya ibada ya shukrani. Mama akasimama mbele ya watu akasema, "Mwanangu amepona." Nasi tukapanda mimbarani tukatangaza kwamba kazi imekwisha. Jumatatu yake tulilifunga daftari la michango.

Mtoto alipofika miaka 3, mama yake alitoweka kanisani. Jumapili ya kwanza tulidhani amesafiri. Jumapili ya nne tukaenda kubisha mlangoni kwake. Tulimkuta amempakata mtoto, tumbo limevimba. Akatuambia, "Mchungaji, nilisimama mbele ya watu nikasema amepona. Sasa daktari anasema ini limejaa makovu, na wiki iliyopita alitapika damu. Nitarudi kanisani niseme nini? Kwamba niliwadanganya?"

Maneno yale yalitukata maini. Kwa maana mama hakudanganya. Tuliokosa ni sisi. Siku ya operesheni daktari alitueleza wazi kwamba amefungua njia ya nyongo, lakini hakuweza kuyafuta makovu yaliyokwisha kuingia. Alisema mtoto atahitaji kuangaliwa miaka yote. Sisi hatukuyashika maneno hayo. Tulitaka ushuhuda wenye mwisho mzuri, tukaukata pale tulipopenda.

Hebu tuelewe makovu hayo ni nini. Mtu akijikata kidole, kovu hufunga jeraha, na hiyo ni neema. Lakini ini likiumizwa tena na tena, kovu huja juu ya kovu, mpaka ini linakuwa gumu. Watoto wengi huendelea kupata makovu hata nyongo inapopita vizuri, kwa sababu ugonjwa huwa umeigusa pia mirija midogo iliyo ndani ya ini lenyewe. Tena vijidudu vya matumbo vinaweza kupanda katika njia ile mpya na kuleta homa, na kila homa ya namna hiyo huongeza madhara. Ini likiwa gumu, damu inayotoka matumboni hukosa pa kupita. Wengu huvimba, na mishipa ya umio hujaa damu hata kupasuka. Ndivyo ilivyokuwa kwa mtoto wetu. Madaktari waliingiza kifaa kwa njia ya mdomo wakaifunga mishipa ile. Wengine hufika mahali ambapo hakuna tiba ila kupandikizwa ini, na familia kadhaa za Kenya zimesafiri mpaka India kwa ajili hiyo.

Sasa tulifungue Neno. Katika Injili ya Marko, sura ya 8, tunasoma habari za kipofu wa Bethsaida, mji uliokuwa karibu na ziwa la kweli. Bwana Yesu alimgusa, kisha akamwuliza kama anaona kitu. Yule mtu alijibu kwa uaminifu: anaona watu, lakini wanafanana na miti inayotembea. Angaliani, Bwana hakumkemea kwa kukosa imani. Hakumwambia aseme amepona ili kumpendeza aliyemgusa. Alimwekea mikono mara ya pili.

Ndugu zangu, ikiwa Bwana mwenyewe hakuona haya kugusa mara ya pili, sisi ni nani hata tulifunge daftari baada ya mara ya kwanza? Mkono wa kwanza ni mwepisi kuutoa. Watu ni wengi, nyimbo zinaimbwa, kila mtu anaona. Mkono wa pili hutolewa mwaka wa tatu, siku ya kazi, kwenye foleni ya hospitali, na hakuna anayepiga makofi.

Jumapili iliyofuata tulisimama tukakiri kosa letu mbele ya kanisa. Daftari likafunguliwa tena. Kina mama wawili huandamana na mwenzao kila siku ya kliniki. Mtoto sasa yuko shuleni. Makovu yake yapo. Hatusemi amepona wala hatusemi hatapona. Twasema hayuko peke yake.

Na kwenu wazazi tuna neno. Rangi ya manjano ikipita wiki 2, au choo cha mtoto kikiwa cheupe, msingoje jua. Mpelekeni hospitali, mwombe apimwe damu. Sindano ya wiki 6 huja siku ya 42, na nafasi ipo. Ile ya wiki 10 huja siku ya 70, na siku 60 zimekwisha pita. Kule Taiwan, tangu mwaka wa 2004, kila mzazi hupewa kadi ya rangi ili alinganishe choo cha mtoto wake, na watoto wengi wameokolewa mapema. Macho ya mama wa Ziwani yanaweza kuona vilevile. Naye aliye na mtoto aliyekwisha kupasuliwa, akiona homa, manjano yamerudi, choo cheusi au damu, aende hospitali siku hiyo hiyo. Asimpe dawa ya duka wala ya mitishamba kabla ya kumwuliza daktari.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe uliyerudisha mkono wako juu ya kipofu, utusamehe tulipochoka mapema. Uwakumbuke watoto wenye makovu tusiyoyaona. Uwatie nguvu mama zao, na madaktari na wauguzi wao. Utufundishe kurudi tena. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.