Mtaa Mpya Uwe na Sauti

Ndugu wajumbe wa Sinodi,

Mezani tuna maombi ya mitaa mipya ya kanisa, viungani mwa Dar es Salaam, inayotaka kupokewa parishini. Waumini wake, huyu katoka Masasi, yule Mpwapwa, wanasali chini ya turubai. Kabla hatujawauliza watachangia shilingi ngapi, tukumbuke sisi wenyewe tumetoka wapi.

Kanisa Anglikana letu limelelewa na mikono miwili. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, waliacha ubani na misa ya kuimba Zanzibar, Magila na Masasi. Wa CMS, yaani Church Missionary Society, kule Mpwapwa na Dodoma, walikazia Biblia na toba. Hawakupatana kirahisi. Mwaka 1913, Askofu Peel wa Mombasa na Askofu Willis wa Uganda, wa upande wa CMS, walikutana Kikuyu, Kenya, na Wapresbiteri na wengine, wakamaliza kwa kushiriki meza ya Bwana pamoja. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar wa upande wa UMCA, akawashtaki kwa uzushi mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Maaskofu wa kanisa moja, jamani! Hata hivyo, mwaka 1960 pande hizo ziliingia katika Jimbo moja la Afrika Mashariki, na mwaka 1970 Tanzania ikawa jimbo kamili chini ya Askofu Mkuu John Sepeku. Masasi haikuacha chetezo, wala Dodoma haikulazimishwa kukiwasha.

Basi kwa nini leo mtaa mchanga uambiwe uache nyimbo zake ndipo upokewe? Tena linaloniuma zaidi ni hili: tunaupokea kwa vigelegele, kisha unaleta sadaka parishini mwaka baada ya mwaka bila mjumbe hata mmoja kwenye halmashauri. Huko si kupokewa, ni kutozwa.

Natoa hoja kwamba kila mtaa upate wajumbe wawili kwenye halmashauri, mama na baba, tangu siku ya kupokewa, na wasomewe hesabu ya sadaka yao. Halafu, kabla ya jiwe la msingi la kanisa, viongozi wa mtaa wabishe hodi kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa imamu wa msikiti wa jirani, wakubaliane juu ya vipaza sauti na njia ya kupita. Majirani nao wana haki ya kuulizwa.

Naomba tupige kura kabla ya kujadili makisio ya mwaka, ili wajumbe wa mitaa hiyo washiriki kuyapanga.