Juu ya Kununua Zana za Vita kwa Mtu Mmoja



Tumetakiwa tuseme juu ya namna serikali zinunuavyo zana za vita, kwani fedha hizo hutoka mifukoni mwa raia. Sisi wenye maduka twalijua jambo hili. Mji ukiwa na mwuza sukari wa jumla mmoja tu, yeye ndiye mwenye kutaja bei. Akikuletea gunia lililoingia maji, utalipokea na kumshukuru.

Serikali ya Marekani iliyaonja hayo. Katika miaka ya 1970 ndege zake za F-15 na F-16 zilitumia injini ya namna moja, F100, kutoka kampuni moja, Pratt & Whitney. Injini ile ilikuwa na nguvu nyingi, lakini iliweza kukwama angani, hata rubani ikamlazimu kuizima na kuiwasha upya. F-15 ina injini mbili. F-16 ina moja tu, na hapo mtu huwa baina ya uhai na mauti. Yakawa mabishano marefu, nani alipe gharama za kuirekebisha.

Ndipo General Electric ilipopewa fedha itengeneze injini nyingine, iliyoitwa baadaye F110. Februari 1984 uamuzi ukatoka: katika injini 160 za mwaka wa fedha wa 1985, General Electric ilipata 120, na Pratt & Whitney 40. Tazameni hapo, mabwana. Yule wa kwanza hakufukuzwa. Aliachiwa robo, naye akijua kwamba mafungu yatagawanywa tena mwaka ujao. Naye alipohisi mshindani nyuma yake, akaleta injini iliyo bora na masharti mepesi kuliko ya zamani. Kwa nini hakuyaleta mapema?

Wako wasemao kuwa viwanda viwili ni gharama mbili: vipuri mbali mbali, mafundi mbali mbali. Neno hilo lina ukweli, wala hatulikatai. Waziri wa Ulinzi Robert Gates alilishika, na Aprili 2011 mkataba wa F136, injini ya pili ya ndege ya F-35, iliyokuwa ikitengenezwa na General Electric pamoja na Rolls-Royce, ukavunjwa, ilhali zimekwisha kutumika kiasi cha dola bilioni 3. Sisi twaona hesabu ile ilitazama gharama za mwaka ule, ikasahau miaka mingi ya kununua vipuri kwa mtu mmoja. Kila F-35 sasa huruka kwa injini ya Pratt & Whitney, na ndege hiyo nayo, kama F-16, ina injini moja tu.