Kusamehe au Kufuta? Lugha ya Madeni na Demokrasia ya Dunia



Utangulizi

Nilipoombwa kutoa mhadhara huu kuhusu ushirikiano wa wanazuoni na wanaharakati katika kuimarisha demokrasia ya dunia, nilijiuliza mtu aliyezoea kuchambua viambishi ana lipi la kusema juu ya jambo hilo. Jibu nililipata katika neno moja: msamaha. Hoja yangu ni kwamba raia hawezi kushiriki katika maamuzi ya dunia ikiwa neno analopewa la kuyajadili limekwisha kumhukumu. Kulichunguza neno la namna hiyo ni kazi isiyowezwa na mwanazuoni peke yake, wala na mwanaharakati peke yake.

Vuguvugu la madeni

Mfano wangu ni vuguvugu la Jubilee 2000. Chimbuko lake ni watu wawili nchini Uingereza: Martin Dent, aliyekuwa mhadhiri wa siasa katika Chuo Kikuu cha Keele, na Bill Peters, mwanadiplomasia mstaafu. Wazo lao la kuyafuta madeni ya nchi maskini ifikapo mwaka 2000 lilipokewa na makanisa, vyama vya wafanyakazi na asasi za kiraia katika nchi nyingi. Tarehe 16 Mei 1998, viongozi wa nchi nane zenye nguvu walipokutana Birmingham, watu wapatao 70,000 walishikana mikono mjini humo kudai madeni yafutwe. Mwaka uliofuata, mjini Cologne, viongozi hao walikubali kuupanua mpango wa kupunguza madeni. Tanzania ilifikia hatua ya mwisho ya mpango huo mwezi Novemba 2001.

Maneno yaliyotufikia

Habari hizo ziliwafikia wananchi wetu kwa jina la "msamaha wa madeni", uliotolewa na "wafadhili" au "wahisani". Tuyatazame maneno haya. Kitenzi samehe hudokeza kosa na mkosaji. Mfadhili naye ni mtenda fadhila, na aliyefadhiliwa hutarajiwa kushukuru. Akiuliza maswali huonekana mtovu wa adabu. Lakini aliyetoa fedha ili arudishiwe pamoja na riba ni mkopeshaji. Kiswahili kinayo jozi ya kopa na kopesha, na kiambishi cha utendeshaji kinatukumbusha kwamba kila deni lina watendaji wawili, kila mmoja na wajibu wake. Neno "msamaha" humwacha mmoja tu kizimbani. Kitenzi futa, kwa upande wake, hakimtaji mkosaji: hufutwa maandishi yaliyomo katika daftari.

Mtaniambia kwamba Waswahili husema "nimekusamehe deni lako". Ni kweli. Hata hivyo, kauli hiyo hutumika baina ya watu wanaojuana, na aliyesamehewa ndiye aliyekopa na kutumia. Je, ndivyo ilivyokuwa kwa mkulima wetu?

Swali la bibi

Katika miaka ile kikundi kimoja cha wanaharakati kilinialika katika mkutano wa kijiji nieleze suala la madeni. Nilizungumza kwa nusu saa, kwa Kiswahili nilichodhani kuwa fasaha. Nilipomaliza, bibi mmoja alisimama akauliza: "Mwanangu, hao wanaotusamehe, tuliwakosea nini?" Nikajikinga kwa methali, kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Akanijibu: "Harusi yenyewe hatukualikwa. Matanga ndiyo tunayoyajua."

Wanaharakati wale walikuwa wamelisikia swali hilo mara nyingi, ila hawakuwa na zana za kulichambua. Mimi nilikuwa na zana, ila swali lenyewe sikuwa nimelisikia. Tulikaa pamoja siku mbili kukipitia kijitabu chao. Penye "wafadhili" tuliandika "wakopeshaji". Penye "kusamehe" tuliandika "kufuta". Na penye "deni la taifa" tuliongeza swali: nani alikopa, kwa ridhaa ya nani, na kwa kazi gani? Mikutano iliyofuata ilikuwa mirefu zaidi, kwa kuwa watu walikuwa na la kuuliza.

Ninalo la kukiri. Makala yangu juu ya jambo hilo niliiandika kwa Kiingereza, ikachapishwa ng'ambo, nami nikapata sifa. Bibi aliyenipa hoja hakupata hata ukurasa mmoja. Huo haukuwa ushirikiano; ilikuwa ni kuvuna shamba la mwenzio.

Kura na lugha

Suala hili halijapitwa na wakati. Katika Shirika la Fedha la Kimataifa, kura za kila nchi hutegemea zaidi kiwango cha mchango wake. Marekani pekee ina zaidi ya asilimia 16 ya kura, na kwa kuwa baadhi ya maamuzi makubwa huhitaji asilimia 85, yaweza kuyazuia peke yake. Nchi za Afrika Kusini mwa Sahara zilipata kiti cha tatu katika bodi ya shirika hilo mwezi Novemba 2024 tu. Kiti ni jambo jema, lakini anayekikalia atawajibika kwa nani, ikiwa wale anaowasemea hawaelewi kinachosemwa?

Hitimisho

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, kila utafiti wetu unaohusu maisha ya wananchi urudishwe kwao kwa Kiswahili, na kazi hiyo ihesabiwe katika upandishaji vyeo vya wahadhiri. Pili, wanafunzi wetu wa isimu na tafsiri wafanye sehemu ya mafunzo yao katika asasi za kiraia, wakiyasikiliza maneno pale yanapokwama.

Bibi yule alistahili jibu siku ileile. Nimechelewa kumjibu. Ninyi vijana msichelewe.