Mlango Uliofungwa na Wafanyi Kazi



Baada ya vita vya 1939–1945, watu wa visiwa vya Karibi walikwenda Uingereza kutafuta kazi. Mamia walifika kwa meli Empire Windrush mwaka 1948. Tulipochunguza historia yao, tuliona jambo la kutuumiza.

Mwaka 1955, mjini Bristol, tawi la chama cha wafanyi kazi wa mabasi lilipitisha azimio kwamba mtu wa rangi asiajiriwe kuwa dereva wala kondakta. Walihofia mishahara yao. Tajiri akapata kisingizio.

Mwaka 1963 Guy Bailey, kijana wa Jamaica, aliomba kazi ya ukondakta. Kampuni ilipojua anakotoka, haikutaka hata kumhoji. Watu wa Karibi wakasusia mabasi karibu miezi minne, na wazungu wengine wakawaunga mkono. Tarehe 27 Agosti wafanyi kazi wa mabasi kiasi cha 500 walikutana wakakubali ubaguzi uishe. Kesho yake kampuni ikatangaza kuuondoa.

Chama kilichokirithi kile kiliomba radhi mwaka 2013.

Ndugu, mkutano ulioufunga mlango ulikuwa wa wafanyi kazi, na uliokubali ufunguliwe ulikuwa wao pia. Basi mtu akisimama mkutanini kutaka fulani azuiwe kwa rangi au kabila lake, tumwulize: faida ni ya nani?