Kupaka Rangi Malango ya Chuma

Twataka kunena juu ya malango ya skuli zetu, ambayo hupakwa rangi mwaka hata mwaka, nayo hubambuka. Watu huilaumu rangi, lakini mara nyingi kosa ni kutu iliyoachwa chini yake, kwani kutu huendelea kula chuma ingawa imefunikwa. Yafaa ikwanguliwe kwa brashi ya waya na msasa, na siku ile ile chuma kipakwe rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ndipo ifuate ya juu, nyembamba, mara mbili. Umande usiwepo.

Lango la mabati lina desturi yake. Rangi ya mafuta ikigusa zinki hugeuka namna ya sabuni chini kwa chini, kisha huachia vipande vipande. Lazima itangulie rangi ya kwanza iliyoandikwa kuwa ni ya mabati.

Tena, rangi nyingi za zamani zina risasi, sumu iharibuyo akili za watoto. Lango la namna hiyo lisikwanguliwe kavu: liloweshwe maji, watoto wawe mbali, na maganda yazolewe yote. Mnunuapo rangi mpya, tafuteni kopo lililoandikwa kwamba haina risasi.