Taa Ingali Inawaka

Somo letu la leo ni Mhubiri, mlango wa kwanza, mstari wa pili.

Majuzi nilikwenda Kitengela kumtembelea kijana mmoja wa kanisa letu ambaye kazi yake ni kuchora. Akanionyesha picha isiyo na mtu ndani yake, ila meza tu na vitu juu yake: kibuyu cha maziwa, hati ya shamba, ufunguo wa gari, bilauri iliyoanguka, fuvu la ng'ombe, na koroboi.

Nikamwuliza, "Mwanangu, fuvu mezani la nini?" Akajibu, "Pasta, nimejifunza kwa Waholanzi wa zamani."

Ni kweli. Huko Haarlem alikuwako mchoraji Pieter Claesz. Mwaka 1630 alichora fuvu la mtu, saa, na bilauri iliyolala. Picha hiyo ingalipo katika jumba la Mauritshuis, mjini The Hague. Uholanzi ilikuwa imetajirika kwa biashara ya meli. Makanisa ya Kiprotestanti yalikuwa yameondoa picha kutani, basi wachoraji wakahubiri majumbani mwa watu. Picha hizo zikapewa jina la Ubatili, neno lile lile la Mhubiri.

Kwa Kiebrania neno hilo ni mvuke, au pumzi. Mhubiri hasemi kwamba ng'ombe ni kitu kibaya, wala kwamba shamba ni takataka. Asema havishikiki. Fumba mkono ushike mvuke wa chai. Ukiufungua, ni mtupu.

Sisi wa Kajiado twalijua jambo hili. Ranchi ya jamii ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata sehemu yake. Wengi wakauza, ekari baada ya ekari. Kisha ukame wa mwaka 2022 ukaua mifugo mingi sana. Baba wa kijana huyu aliuza shamba, akanunua gari, akafanya karamu. Nami nilialikwa. Nikaliombea gari, nikala nyama, nisimwulize neno lolote. Fedha zilipokwisha na ng'ombe wake walipokufa, mzee aliona haya, akaacha kuja kanisani. Nami sikumfuata.

Nikaitazama picha tena. Katika picha nyingi za Waholanzi wale, taa imezimika. Nikasema, "Mbona yako inawaka?"

Akanyamaza kidogo. "Kwa sababu baba yu hai, Pasta."

Neno hilo lilinichoma. Mara nyingi nimehubiri kwamba mali ni mvuke. Kumbe nilikuwa nimemhesabu mzee pamoja na mali yake iliyopotea.

Jumamosi tulikwenda kwake sote wawili. Nikamwomba msamaha. Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Karibu, Mchungaji. Chai ipo, ila maziwa hakuna." Tukanywa chai ya rangi, tukaomba pamoja.

Msikilizaji mpenzi, je, yuko mtu jirani yako aliyepoteza vyote, naye anajificha kwa aibu? Usingoje kumsifu siku ya mazishi. Nenda leo, taa ingali inawaka.

Tuombe. Ee Bwana, utufundishe kushika vitu kwa mkono uliolegea, na kuwashika ndugu zetu kwa mkono wenye nguvu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.